Barua ya Chuo na Njumu Zilizowekwa Kando

Siku za wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni, wanachuo huonekana wakirudi kwa miguu kwenye Barabara ya Landhies. Mabegi yako mgongoni, simu zimefichwa ndani ya soksi au mfuko wa ndani, na njia yenyewe wanaigombania na mikokoteni ya Gikomba, wauza mitumba na matatu yanayopanda ukingo wa barabara kukwepa msongamano. Baadhi yao kwao ni mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi: Shauri Moyo, Kaloleni au Makongeni. Wengine wamepanga chumba huku kwa sababu kodi ya karibu na chuo haikamatiki. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale Haile Selassie, kiko umbali wa kilomita tatu na nusu hivi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimesogea mbele kidogo. Ukimsimamisha mmoja umuulize kama hufanya mazoezi, jibu utakalopata mara nyingi ni kwamba hana muda.

Lakini kwa hesabu za wataalamu, huyo amefanya mazoezi kuliko anavyotakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima autumikishe mwili kwa kiwango cha wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au nusu ya muda huo ikiwa ni shughuli za kutoa jasho jingi. Kutembea kwa haraka ni kiwango cha wastani. Dakika 45 kwenda na 45 kurudi, mara siku tano, ni dakika 450. Dodoso ambalo nchi nyingi hutumia kupima jambo hili huuliza kuhusu sehemu tatu za maisha: kazi, pamoja na zile za nyumbani, safari za miguu au baiskeli, na burudani. Kupandisha mtungi wa maji wa lita 20 hadi orofa ya tatu kunahesabiwa. Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliona kwamba Wakenya wasiofikia kiwango hicho ni wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, ilhali makadirio ya dunia nzima ya mwaka 2022 yalikuwa asilimia 31 ya watu wazima.

Je, tufunge mjadala hapo? Hapana, na sababu inaanzia kwenye nauli. Mwanachuo huyu anatembea kwa sababu pesa za matatu anazihitaji kwa chakula cha mchana na kuchapisha kazi za darasani. Siku atakayopata mshahara wa kwanza, sababu ya kutembea itakuwa imekwisha. Atapanda matatu, baadaye atanunua gari kwa mkopo, ataketi ofisini saa nane, na mwili ambao kwa miaka ishirini ulitumikishwa na shida utaanza kupumzishwa na nafuu. Kwa hiyo swali lenye maana si kama mwanachuo wa Shauri Moyo anatikisa mwili leo. Swali ni kama kuna chochote katika miaka yake minne ya chuo kinachomfanya apende kuutikisa hata asipolazimika.

Mkazi wa Nairobi ataielewa upesi hoja hii kupitia utafiti wa basi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Hali zao za maisha zilikaribiana, lakini madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Utafiti wa pili unawahusu wanachuo moja kwa moja. Ralph Paffenbarger aliwafuatilia karibu wanaume 17,000 waliopitia Harvard nchini Marekani, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1978 yalionyesha kwamba kuwa mwanamichezo hodari chuoni hakukumkinga mtu uzeeni kama aliacha. Aliyekingwa ni yule aliyeendelea, na hata yule ambaye chuoni hakugusa mpira lakini akaanza baadaye. Mwili hauna akiba ya medali. Miaka ya chuo ina thamani pale inapojenga mazoea yatakayodumu, na hapo ndipo kijana wa Eastlands anapopotezwa.

Ili kuona anavyopotezwa, ni lazima kwanza tuelewe michezo ilikuwa na maana gani mtaani. Shauri Moyo ilijengwa na baraza la mji mwishoni mwa miaka ya 1930, na pande zake zote ni makao ya michezo. Uwanja wa City, ambao sasa umepewa jina la Joe Kadenge, uko hatua chache tu, jirani na soko la Burma. Upande mmoja kuna Kaloleni na uwanja wake, upande mwingine Kamukunji, na katikati kuna YMCA ya mtaa. Muthurwa ilikuwa na klabu ya ndondi ya Dallas alikolelewa Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Vijana hawakwenda huko kutafuta afya. Mchezaji mzuri aliajiriwa. Polisi, Magereza, Jeshi, Shirika la Reli, Posta na Kenya Breweries wote walikuwa na timu, na mabondia na wanasoka wa Eastlands waliingia kazini kupitia ngumi na miguu yao. Mzazi aliyemkataza mwanawe uwanja wakati wa mtihani ndiye huyo huyo aliyekwenda kumshangilia akicheza, kwani alijua kipaji kingeweza kuleta unga nyumbani.

Uwanja ulikuwa mlango wa kutokea. Shule nayo ilikuwa mlango. Hesabu ya nyumba nyingi ikawa kwamba mtoto ataponea kwenye mmoja wa milango hiyo miwili, na barua ya kujiunga na chuo kikuu ilipofika, hesabu ilikamilika. Njumu zikaenda kwa mdogo wake. Hakuna aliyemwambia aache, ila kazi ambayo mchezo ulikuwa ukimfanyia ilikuwa imeshafanywa na cheti. Naamini hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na haionekani kwenye madodoso yanayouliza kuhusu uvivu na hamu. Nchi yenye sifa ya kukimbia kuliko zote duniani imewafundisha watoto wake kwamba kukimbia ni ajira ya wachache wenye kipaji. Asiyetarajia kushinda anajiuliza anakimbilia nini.

Chuo chenyewe hakimsahihishi. Ukitazama michezo ya vyuo vikuu vyetu utaona timu, na baadhi ni za kujivunia: Mean Machine ya raga, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977, Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Leos ya Strathmore. Lakini timu hizo huchukua waliofika wakiwa wameiva tayari, wengi wao kutoka shule za upili zinazojulikana kwa mchezo huo. Kwa kila mmoja anayevaa jezi ya chuo kuna mamia waliocheza namba saba katika timu ya mtaa, wazuri kiasi, wasiotosha kuchaguliwa. Hao hawana pa kwenda. Ofisi ya michezo ina kocha wa timu ya kwanza na basi la kuipeleka mashindanoni. Kwa mtu anayetaka tu kucheza vibaya na wenzake Jumatano jioni haina kitu.

Na kucheza na wenzake ndilo jambo lenyewe. Wanasaikolojia wawili waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Rochester, Edward Deci na Richard Ryan, walieleza kuanzia miaka ya 1980 kwamba binadamu hudumu katika jambo akiwa na mambo matatu: ahisi kwamba amelichagua mwenyewe, ahisi kwamba analiweza, na ahisi kwamba kuna watu anaofungamana nao ndani yake. Mtaani yote matatu yalikuwepo bila mtu kuyapanga. Saa kumi alasiri sauti ingeita kutoka chini ya dirisha, "Njoo, tumebakisha mmoja!" na kijana angeshuka. Hakuhitaji kuamua. Kutokwenda ndiko kulikohitaji maelezo, maana timu ingepungukiwa na kesho yake angeulizwa. Chuoni hakuna anayemjua kiasi cha kumwita. Wenzake wa darasani wametawanyika baada ya somo, huyu Rongai, yule Kahawa, mwingine Kayole. Akitaka kutoa jasho itabidi awe peke yake, kwa uamuzi mpya kila siku, na uamuzi wa kila siku humchosha hata mtu mwenye nia ya chuma.

Kuna pia jua, na hili wanaotuandikia ushauri kutoka Ulaya hawalifikirii. London mwezi wa Juni mwanafunzi akitoka darasani saa kumi na moja ana saa nne za mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tofauti kati ya mwezi na mwezi ni kama nusu saa tu, na giza haliji polepole. Somo likiisha saa kumi na moja na nusu jioni, safari ya kwenda nyumbani inakula karibu mwanga wote uliobaki. Wenye masomo ya jioni hata hilo hawana. Anayefika Shauri Moyo saa kumi na mbili na robo ana dakika chache kabla ya uwanja kuwa mahali ambapo mama yake hataki kusikia amekwenda. Taa za barabarani huwaka hapa na kuzimika pale. Akisema hana muda anasema kweli, hata kama saa mbili zijazo atazimaliza akitazama simu kitandani. Muda anaokosa ni muda wenye mwanga.

Maji nayo. Mfereji katika nyumba nyingi za Eastlands hutoa maji kwa zamu, siku fulani za wiki, na siku nyingine familia hununua kwa mtungi. Anayekimbia lazima aoge. Nguo zilizolowa jasho lazima zifuliwe. Katika nyumba yenye watu sita na mitungi minne ya akiba, kijana anayemwaga nusu mtungi kila asubuhi kwa sababu alijisikia kukimbia ataulizwa na mama yake, na ataulizwa kwa haki. Chakula ni hivyo hivyo. Mwanachuo aliyekunywa chai asubuhi na kula chapati moja kwa maharagwe saa nane ana nguvu ya kumfikisha nyumbani kwa miguu, basi. Sioni haya kusema kwamba kumhimiza mtu huyo ajiunge na jimu ni kutomwona.

Kwa vifaa, Shauri Moyo ina bahati. Gikomba iko mlangoni, na raba za kukimbilia za mtumba zenye soli nzuri hupatikana kwa bei ambayo mwanafunzi wa ng'ambo hataamini. Kuna vyumba vya kunyanyulia uzito ambamo vyuma vimechomelewa na mafundi au kumiminwa saruji ndani ya mikebe ya rangi, na ada yake ni ndogo. Vijana wa kiume hujaa humo. Wanakwenda kwa sababu ya kioo na picha, wengine kwa sababu ya kazi za ulinzi, na wanadumu kwa kuwa kuna mwenzao anayewasaidia kushika chuma kinapowazidi.

Nimesema vijana wa kiume. Kwa msichana mambo ni tofauti tangu mwanzo. Makadirio yale ya dunia ya mwaka 2022 yanaonyesha wanawake wasiofikia kiwango ni asilimia 34, wanaume 29, na ukifika Eastlands utaona tofauti hiyo inavyotengenezwa. Kaka na dada wanarudi kutoka chuo kimoja, wakati mmoja. Kaka anaweka begi na kutoka. Dada anaweka begi na kuingia jikoni, kwani mama bado yuko kibandani Burma na wadogo wanataka kula. Wikendi anafua. Dodoso litamhesabia kazi hizo kama shughuli za mwili, na ni sahihi kulihesabu jasho lake, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kucheza.

Hata akipata nafasi, kuna tatizo la njia. Kukimbia alfajiri kando ya Barabara ya Jogoo maana yake ni kupita kwenye vituo vya matatu na vijiwe vya vijana, na kila kijiwe kina la kusema kuhusu mwili wake na suruali aliyovaa. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu kwa madai kwamba mavazi yake hayakuwa ya heshima. Wasichana walio chuoni leo walikuwa watoto wakati huo, lakini tahadhari walifundishwa na dada zao. Msichana wa Kiislamu kutoka Majengo, hapo jirani Pumwani, ana swali la ziada la mahali atakapoweza kucheza bila kutazamwa na umati. Hata nywele zina gharama: aliyeketi Jumapili nzima akisukwa hatazilowesha jasho Jumatatu. Wanaume huliona hili dogo. Waulize wasichana.

Halafu kuna kujiamini. Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu hujaribu jambo kwa kadiri anavyoamini kuwa anaweza kulifanya, na imani hiyo hujengwa zaidi na kufanikiwa kidogo kidogo kwa vitendo. Wanachuo waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanakumbuka kipindi cha michezo kilichokuwa kwenye ratiba ukutani ila hesabu ndiyo iliyofundishwa, kwa kuwa michezo haikutahiniwa. Mvulana alijifunza mpira mtaani hata hivyo. Msichana aliyekosa kipindi hicho mara nyingi hakuwa na mahali pengine pa kujifunzia kudaka, kurusha au kuogelea. Anafika chuoni na miaka kumi na tisa, na uwanja ni mahali ambapo ataonekana hajui.

Nafasi zenyewe zinapungua. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, pamoja na ubaguzi wake wote wa rangi, ulipanga mitaa ya Waafrika kwa vitongoji vyenye shule, ukumbi na nafasi wazi zinazofikika kwa miguu, na Kaloleni, iliyojengwa miaka hiyo ya 1940, ingali na viwanja vya nyasi kati ya nyumba pale ambapo vibanda havijavimeza. Leo mitaa ya zamani ya baraza imo katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, na Shauri Moyo ni mmojawapo. Nyumba zinahitajika, na sina hoja dhidi ya ghorofa. Hofu yangu ni kwamba michoro huhesabu vyumba na maegesho ya magari kwa uangalifu, kisha uwanja wa watoto hubanwa kwenye kona iliyobaki. Timu ya mtaa ikipoteza uwanja, mwanachuo anayerudi wikendi anapoteza mahali pekee ambapo bado anaitwa kwa jina. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya kutenga sehemu ya tano ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Anayetembea Landhies anaweza kukuambia jinsi njia yake inavyokatika.

Vyuo vingeweza kufanya nini? Vyuo vingi vya Uingereza huacha Jumatano alasiri bila masomo ili wanafunzi wacheze. Kwetu, ambako jua halitusubiri, alasiri moja kama hiyo ingekuwa na thamani kubwa zaidi, mradi iwe ya kila mtu na isigeuzwe siku ya mazoezi ya timu ya kwanza. Ligi za madarasa, zisizo na mchujo, zingerudisha ile sauti ya chini ya dirisha: tumebakisha mmoja. Zinahitaji mipira, refa mwanafunzi na ratiba inayoheshimiwa. Saa za wasichana peke yao ukumbini zingewafikia wengi ambao hakuna bango la afya litakalowafikia.

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuanza nalo kwa ajili ya vijana wa Shauri Moyo, ningeomba bafu. Vyumba vichache vya kuogea vya wanawake na vya wanaume ndani ya chuo, maji yasiyokatika, makabati yenye kufuli, na mtu wa kufungua mlango kabla ya saa moja asubuhi. Safari ya kwenda chuo wanaifanya tayari, na kilomita tatu na nusu ni mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuukimbia polepole kwa dakika 25. Kinachomzuia asiukimbie ni kwamba hawezi kuingia darasani akinuka jasho, na nyumbani maji ni ya kununua. Wawili watatu wa jengo moja wakiondoka pamoja saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumeshapambazuka na magari ya Jogoo yakiwa yamekwama, watafika kabla ya waliopanda matatu, na watakuwa na saa nzima ya kuoga na kunywa chai kabla ya somo la saa mbili.